Tulipotoka Wodini

Nilipoingia wodi ya wagonjwa wa akili kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kuwekwa mkononi mwangu kilikuwa funguo. Ilikuwa mwaka 1984, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye mazoezi kwa vitendo. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wengi waliofanya kazi pale walijitahidi kupita uwezo waliopewa. Sista msimamizi alinionyesha milango mitatu akaniambia nisifungue wa mbele kabla ya kuufunga wa nyuma. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. La pili lilikuwa kuhesabu: wagonjwa asubuhi, vijiko baada ya chakula, wagonjwa tena jioni.

Sikatai, katika wiki nane zile nilijifunza mengi. Nilijua kwamba mgonjwa anayetumia klopromazini asiinuke kitandani kwa haraka, maana presha itashuka na ataanguka, na asiachwe juani mchana kutwa, maana ngozi yake itaungua upesi. Nilijifunza kwamba shingo ikipinda ghafla na macho yakakwama kutazama juu siku mbili baada ya kuanza haloperidoli, hayo ni madhara ya dawa na yana tiba. Hakuna pepo hapo. Nilijifunza pia kumtofautisha anayezungukazunguka kwa sababu ya ugonjwa na yule ambaye dawa yenyewe imemnyima utulivu wa miguu. Mambo hayo nimewafundisha wengine maisha yangu yote.

Lakini palikuwa na fundi seremala mmoja, mtu wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kupapasa mbao za kitanda akitafuta mahali zilipounganishwa vibaya. Aliruhusiwa kurudi nyumbani wiki yangu ya pili. Wiki ya saba akarudishwa amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Kwenye faili niliandika kwa mwandiko wangu mwenyewe: ameacha dawa. Msimamizi akatia saini. Hakuna aliyeuliza kwa nini ameacha, na mimi sikuuliza. Huenda alikosa nauli, au mkono uliokuwa ukitetemeka kwa dawa ulishindwa kushika randa. Mpaka leo sijui, na jambo hilo linaniuma.

Kitabu changu cha mazoezi kilikuwa na orodha ndefu ya mambo ya kutiwa saini: sindano, kumlaza mgonjwa, kumdhibiti anayepiga, kumwogesha, kumlisha. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa nyumba ya mgonjwa.

Si kwamba nchi ilikosa mawazo. Hombolo, karibu na Dodoma, kulikuwa na kijiji ambako wagonjwa waliopata nafuu waliishi, wakalima na kufuga badala ya kuzeekea wodini, na vijiji vya namna hiyo vilifuata katika mikoa mingine. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, akiwatibu watu waliokuwa wametengwa na ndugu zao wenyewe. Mawazo yalikuwepo. Sisi wanafunzi ndio hatukupelekwa yalipokuwa.

Macho yangu yalifunguka nilipopangiwa kazi mkoani Morogoro. Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyochaguliwa kujaribia mpango wa taifa wa afya ya akili katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: mhudumu wa zahanati afundishwe kutambua magonjwa machache ya akili pamoja na kifafa, apewe dawa chache za kuyatibu, na mgonjwa asisafirishwe mamia ya maili kwa jambo linaloweza kutibiwa jirani na kwao. Siku ya kliniki foleni ilianza kabla ya jua. Sehemu kubwa ya waliokuja walikuwa watu wa kifafa. Niliona makovu ya moto kwa akina mama walioangukia mafiga wakipika, na kwa watoto ambao hakuna aliyethubutu kuwavuta motoni, kwa hofu kwamba povu la mdomoni linaambukiza. Kidonge cha fenobabitoni, dawa ya bei ya chini kabisa kabatini, kiliwarudisha baadhi yao shuleni.

Katika miaka ya 1990 nikawa mkufunzi, nikaapa kwamba wanafunzi wangu hawatamaliza bila kufika nyumbani kwa mgonjwa. Niliapa vizuri, nikatekeleza vibaya. Safari ya kwanza nilichukua wanafunzi wanane wenye sare nyeupe, tukapanda gari lenye maandishi ya idara ubavuni, tukaenda kumtembelea kijana aliyekuwa akichomwa sindano ya kila mwezi kwenye kliniki yetu. Tulipoteremka, watoto wa mtaa mzima walikwisha kutufuata. Wanawake walitoka kusimama vibarazani. Mama yake alitukaribisha, kwa sababu mgeni hafukuzwi, lakini hakuketi. Kijana alijifungia chumbani. Mwezi uliofuata hakuja kliniki, na nilipomfuata peke yangu, mama akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Sista, hapa mtaani walikuwa wanajua mwanangu anaumwa kichwa tu. Sasa wanajua."

Aliyekuwa akipata dawa na kuficha ugonjwa wake kwa heshima, tulimvua nguo hadharani kwa ajili ya masomo yetu. Nilimwomba radhi mama yule, akanipokea. Radhi haikumrudishia kijana jina lake.

Tangu siku hiyo utaratibu ukabadilika. Wanafunzi walikwenda wawili wawili, kwa miguu au kwa basi, bila sare. Ruhusa iliombwa kwanza kwa mgonjwa mwenyewe, faraghani siku ya kliniki, na akikataa hapakuwa na mjadala. Hatukuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa kama tulivyoelekezwa, kwa sababu siri ikipita ofisini haibaki siri. Niliitwa kujieleza kuhusu hilo, nikajieleza. Na mwanafunzi alikatazwa kuchukua maelezo kwenye karatasi mbele ya watu. Akumbuke, kisha aandike jioni.

Nyumba iliyotufundisha zaidi ilikuwa kwenye kijiji kimoja kando ya barabara kuu ya Iringa. Mama mjane alikuwa amemfunga mwanawe wa miaka kama ishirini kwenye gogo la mwembe, kamba kwenye kifundo cha mguu, kidonda kimekwisha kuchimbika. Wanafunzi wangu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, walirudi wakilia kwa hasira. Wa kiume alitaka twende polisi jioni ile ile. Nikawauliza kama walimwuliza mama kwa nini amemfunga. Hawakuwa wamemwuliza. Nikamwona seremala wangu amesimama mbele yangu.

Kesho yake walirudi wakauliza. Kijana alikuwa akisikia sauti zinazomwita barabarani. Mara mbili alinusurika kugongwa na malori, na mara ya pili aliyemvuta alikuwa mdogo wake wa miaka tisa. Mama alikuwa akimfunga akienda mtoni na shambani, akimfungua akirudi. Usiku alilala mlangoni, mgongo wake ukiwa ndiyo komeo. Hakuna kitabu chochote kati ya nilivyosoma kilichowahi kunieleza kamba kwa namna hiyo.

Tulianza na kidonda, kisha haloperidoli kwa kiasi kidogo, na benzeksoli ili shingo isipinde. Mjomba mtu aliombwa ashike zamu wakati mama akienda shambani, akakubali kwa siku tatu za wiki. Kamba ilifunguliwa kwanza asubuhi tu. Ilichukua karibu miezi mitatu kuacha kutumika, na msimu wa masika, dawa zilipokwisha zahanati na barabara ya kuleta nyingine ikakatika, ilirudi kwa wiki mbili. Wanafunzi wale waliliona hilo pia. Niliona ni haki yao kuliona.

Mambo yamesogea. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilizindua programu ya kuziba pengo la tiba ya akili katika nchi zenye wataalamu wachache, na mwongozo wake uliotoka 2010 umeandikwa kwa ajili ya mhudumu wa kawaida, yule yule wa zahanati tuliyekuwa tukimhangaikia Morogoro. Wanafunzi wa siku hizi hawaandiki "kichaa" kwenye faili. Lakini nauli bado wanatoa mfukoni mwao, na wengine hurudi chuoni hawajaonana na mkufunzi hata siku moja. Hapo sina subira. Ukimtuma kijana wa miaka ishirini na mmoja kwenye nyumba yenye huzuni kubwa kuliko umri wake, uwepo anaporudi jioni.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, kitabu cha mazoezi kilikuwa kimepata ukurasa wa ziara za nyumbani: tarehe, tatizo, huduma iliyotolewa, saini. Binti mmoja alikuja nao ofisini, safu ya huduma ikiwa tupu. Alikuwa ameshinda kwa mama aliyetoka hospitali wiki mbili nyuma, ambaye bado hakuwa anazungumza na mtu.

"Shikamoo, mwalimu. Sijui niandike nini. Hatukuongea. Tulikaa uani tukapukuchua kunde, hadi saa kumi."

"Marahaba. Zilikuwa nyingi?"

"Debe zima. Mwishoni akaniambia kesho nije mapema, kuna za kupepeta."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akaandika: tumepukuchua kunde debe moja, ameniomba nirudi. Nikatia saini.