Kukana na Kuuliza kwa Kiingereza

Mimi ni karani wa parokia hapa Ntalikwa, lakini kabla ya kushika vitabu vya ubatizo nilisomea ualimu chuoni. Kwa sababu hiyo watoto wa Kidato cha Kwanza hupita kwangu jioni na madaftari yao. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili. Huko sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kinachowashinda kwanza si maneno magumu, bali ni kukana na kuuliza.

Kwetu jambo hili ni jepesi. "Analima" tunaligeuza kuwa "halimi", na tukitaka kuuliza tunasema "Je, analima?" Waingereza wana njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya maneno kama "am", "is", "are" na "can". Hapo "not" hufuata nyuma yake: "She is sick", "She is not sick". Ukiuliza, neno hilo hutangulia: "Is she sick?"

Njia ya pili ni ya vitendo vya kila siku, kama kwenda, kula na kulima. Hapo lazima aitwe msaidizi: "do", "does" au "did". Mimi huwaambia watoto wawakumbuke wapagazi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu toka huku Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Mzigo aliokwisha kuutwaa mpagazi mmoja, mwenzake haubebi tena. Basi "He works" ina mzigo wa "s". Akija "does" huutwaa yeye: "He does not work", "Does he work?" Kadhalika "She went" ina mzigo wa wakati uliopita. "Did" akiutwaa, kitendo huenda mikono mitupu: "She did not go", "Did she go?" Anayesema "She did not went" amewatwisha watu wawili mzigo mmoja.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo, nalo ni jibu. Mwaka jana msichana mmoja alimpeleka bibi yake hospitali, mbali na hapa. Daktari mgeni akauliza: "Did she not take the medicine?" Msichana akajibu, "Yes." Kwetu ni jibu sawa kabisa: "Ndiyo, hakunywa." Daktari akaelewa kwamba bibi alikunywa dawa wala haikumfaa, akaanza kuandika nyingine kali zaidi. Bahati njema muuguzi aliuliza tena kwa Kiswahili, na bibi mwenyewe akasema hata kidonge kimoja hakikupita kinywani mwake.

Msichana hakusema uongo, wala daktari hakuwa kiziwi. Sisi humjibu muulizaji: akiwa amesema kweli, tunamwitikia "ndiyo". Kiingereza hutazama tendo lenyewe. Limetendeka, ni "Yes". Halikutendeka, ni "No", hata swali liulizwe kwa namna gani.

Kwa hiyo, enyi vijana, msijibu kwa neno moja. Semeni, "No, she did not," au "Yes, she did." Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, mtoto akiwa mkalimani wenu, mwambieni awaeleze swali zima kwa Kiswahili kwanza, ndipo ajibu.