Daftari la Hesabu Chini ya Kitanda

Wacha niwaambie ukweli. Kila nikiweka video mpya, lazima mtu ataandika, "Huyu si ndiye aliacha uinjinia akaenda kucheza na midundo?" Ndiyo, ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karo ya semesta ya mwisho ilikuwa imetoka kwa chama cha mathe. Hiyo sehemu huwa hainichekeshi.

Juzi nikapatana na hadithi ya jamaa anaitwa Iannis Xenakis. Mgiriki, aliyezaliwa Romania mwaka wa 1922. Alisomea uhandisi wa majengo Athens, vita vikaingilia kati. Desemba 1944 kombora la kifaru cha Waingereza likampasua uso, akapoteza jicho la kushoto. Bado akamaliza masomo. Mwaka wa 1947 siasa zikamfukuza nchini, na huko nyumbani akahukumiwa kifo bila yeye kuwepo. Akaishia Paris, kwa ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, akipiga hesabu za zege.

Zege! Na muziki anaandika baada ya kazi.

Alitafuta walimu, wengine wakamkosoa kwamba hajui kanuni. Kisha akafika kwa Olivier Messiaen. Huyu akamwambia asirudi kuanza upya: wewe ni Mgiriki, unajua hesabu, unajua majengo, tia hivyo vyote kwenye muziki wako.

Akatia. Mwaka wa 1955, kule Donaueschingen, Ujerumani, wakapiga Metastaseis. Wanamuziki 61, na kila mmoja ana sehemu yake. Sauti za nyuzi zinateleza kutoka chini kwenda juu, kwa mistari aliyoichora kama ramani ya jengo. Mistari ya aina hiyohiyo ikawa kuta zilizopinda za banda la Philips kwa maonyesho ya Brussels, 1958. Mara ya kwanza kuisikiliza nilidhani spika imeharibika. Mara ya tatu nikasikia mvua ikikaribia mabati. Na yeye mwenyewe alikuwa akiiwaza mvua: tone moja huwezi kulitabiri, lakini mvua nzima ina hesabu yake.

Sasa, ingekuwa rahisi niseme, "Mnaona? Shule si kitu!" Hapana. Huyu hakuacha shule. Alimaliza na jicho moja. Na alipokaribia miaka 30, tayari ana kazi nzuri, bado alienda kukaa darasani kwa Messiaen.

Kilichonichoma ni kingine. Mimi hesabu zangu nimezificha kama aibu, nikajiambia miaka miwili ilipotea. Kumbe haijapotea, ni mimi tu sikuitumia.

Wikendi nikaenda nyumbani, nikatoa daftari la hesabu chini ya kitanda. Mathe akaniangalia. "Unarudi shule?"

"Bado, mathe."

Akanyamaza kidogo. "Basi angalau lisikae na vumbi."

Usiku huo nikachukua mkunjo mmoja kutoka ukurasa wa katikati, nikaugeuza sauti inayoteleza. Ni sekunde 40, na bado haijakaa poa. Lakini ndicho kitu cha kwanza nimetengeneza ambacho hakifanani na cha mtu mwingine.

Wewe je, ni kitu gani ulisomea ukakificha? Niambie hapo chini. Na ukiwa na mathe wa chama, mpigie leo.