Gauni la Kukulia

Dada yangu amenitumia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Mugumu, mkoani Mara, na sijaujibu mpaka leo. Nilimpelekea binti yake gauni nililolishona mwenyewe: kitambaa cha fulana, rangi ya haradali, mikono mirefu, mfuko mmoja mkubwa mbele wa kutilia karanga. Lilibebwa na mtu aliyekuwa anakwenda likizo, likafika, mtoto akalivaa, likamkaa. Basi dada, kwa ile sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa, akaniuliza: "Mdogo wangu, huko kazi bado ipo? Maana naona siku hizi unashona."

Hakuwa anatania. Kwetu, uwe Ikoma, Nata au hapo Mugumu mjini, anayeshona nguo za mtoto wake ama ni fundi, ama hana hela ya kumpa fundi. Kundi la tatu halipo. Mtu yuko Ulaya, ana mshahara, anakesha akishona gauni la mtoto wa chekechea ili iweje? Mama naye nilimsikia pembeni kwenye ujumbe huohuo akidakia: "Mwache, labda anajifunza arudi kufungua kibanda."

Sasa njoo huku Ujerumani uone. Asubuhi kwenye chekechea ya binti yangu kina mama wamejipanga koridoni wakiwavua watoto mabuti ya mvua, na swali lenye heshima kuliko yote ni hili: umeshona mwenyewe? Ukisema ndiyo, wanaligusa, wanageuza pindo watazame mshono wa ndani, wanauliza kitambaa umekipata wapi. Ukisema umenunua dukani, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Mmoja wao ni daktari wa meno. Ana cherehani mbili mezani, ya kawaida na ya ovaloki, na thamani yake ukiibadilisha kwa mitamba unaanzisha zizi kule kwetu Robanda. Anashona Jumamosi mvua ikinyesha, kwa raha zake, mume akiwa amewapeleka watoto kuogelea.

Haikuanza hivyo. Bibi zao walishona kwa sababu vita vilikuwa vimewaacha na matambara. Jarida la Burda, alilolianzisha Aenne Burda mjini Offenburg mwaka 1950, lilipendwa kwa kuwa lilimwezesha mke wa mtu wa kawaida kuvaa mitindo ya Paris bila pesa za Paris: ndani yake mlikunjwa karatasi ya michoro ya kukatia. Karatasi hiyo ipo hadi leo. Ukiifungua inafunika meza nzima, na nguo nyingi za toleo hilo zimechorwa humohumo, nyekundu, bluu, kijani, nyeusi, mistari imepishana kama njia za nyumbu ukizitazama kutoka kwenye ndege ndogo. Unausaka mstari wako, unatandaza juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, unaufuata kwa penseli, na ole wako uhamie mstari wa jirani: mkono wa gauni la mtoto unageuka kuwa kiuno cha suruali ya baba yake. Nafasi ya mshono wamekuachia? Hapana, hiyo unajiongezea. Siku hizi wengi wananunua mchoro kwenye intaneti, wanachapa kurasa za A4 nyumbani, wanakaa sakafuni na selotepu kuziunganisha. Kabla ya hapo wanapima kwa rula kimraba kidogo kilichochorwa pembeni, wasije wakakuta printa imepunguza ukubwa. Kikipungua milimita mbili, wanachapa upya. Wajerumani walipotufikia Ikoma walitujengea boma. Habari ya hiki kimraba hawakutuletea, na ninawashukuru.

Fundi wa kwetu ana futi shingoni, chaki sikioni, na jicho. Nusu ya vipimo haandiki popote. Mtoto anazungushwa mara moja, anaguswa bega, anaambiwa "haya, nenda kacheze", kisha mama yake anatoa lile agizo ambalo kila aliyezaliwa kwetu amelisikia likipita juu ya kichwa chake: "Mwachie ya kukulia."

Ya kukulia! Huku hawana habari nayo. Nguo za watoto zinahesabiwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 98, 104, 110, 116, kila hatua sita. Mtoto wa 110 anavaa 110, na akipita hapo gauni linaondoka nyumbani. Mama yangu angelia. Sisi tulishonewa gauni la Krismasi likiwa na pindo la upana wa kiganja limekunjwa kwa ndani. Mwaka wa pili pindo linafunguliwa, mstari wa zamani unabaki palepale, chini yake rangi mbichi, kwa hiyo kanisa zima linajua gauni lako lina umri gani. Mwaka wa tatu ni la mdogo wako, na lenyewe kwake bado ni la kukulia.

Hizo namba lakini zilinifikia kabla sijajua Ujerumani iko upande gani. Gauni langu la kwanza la kitambaa cha fulana lilitoka mnadani. Mama aliona mkono mmoja umetokeza kwenye lundo, akaushika, akavuta, akapigana kidogo na mama mwingine aliyekuwa ameshika mkono wa pili. Shingoni kulikuwa na kilebo: 116. Kaka akasema hiyo ndiyo bei. Shangazi akasema ni namba ya robota. Nililivaa mpaka likawa blauzi, na kwa miaka mingi nilidhani 116 ni jina la kampuni.

Leo nikielekea kituo cha treni napita kontena la chuma ambamo watu wanatumbukiza nguo zilizowabana watoto wao. Zinachambuliwa, na sehemu yake zinabanwa marobota, zinapanda meli. Zikishuka Dar es Salaam zinapanda lori, na siku ya mnada zinamwagwa juu ya turubai, ng'ombe wanalia hatua chache kutoka hapo. Daktari wa meno akiwa na kitu cha kuweka humo huwa amekifua na kukipiga pasi kwanza. Nilitaka kumwambia asijisumbue, kitafika kimekunjamana vilevile.

Gharama za kujishonea huku ndizo zinazonichekesha. Mita moja ya kitambaa kizuri cha fulana, pamba asilimia 95 na asilimia 5 zile nyuzi za kuvutika, unaipata kwa euro 15, 18, hata zaidi ikiwa pamba imelimwa bila dawa. Ongeza kipande cha shingo na mikono, ongeza uzi, ongeza mchoro wa euro 5 au 6. Duka la nguo la kawaida mtaani linauza gauni la namna hiyohiyo chini ya euro 10. Ukiwauliza kina mama wa chekechea kwa nini basi wanajitesa, watakutajia Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lililoporomoka na kuua mafundi zaidi ya 1,100 waliokuwa wanashonea maduka ya huku. Hilo siwabishii. Ila naona pia kwamba anayeshona kwa kuwahurumia mafundi lazima awe na Jumamosi nzima mkononi, na Jumamosi kwetu ni siku ya kufua, ya kuchota maji na ya kwenda msibani.

Hasira yangu hasa haiko kwa dada. Iko kwenye pamba. Panda basi la Mugumu kwenda Bunda msimu wa mavuno utazame dirishani. Mkoa wa Mara umo kwenye ukanda uleule wa pamba pamoja na Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita. Ikishatolewa mbegu, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje vivyo hivyo, haijawa uzi. Kufuma tunajua: sweta za shule zinafumwa kwa mashine vibandani, na kina mama wa kanisa wanafuma kofia za vichanga huku wakiimba. Lakini kitambaa cha fulana, ambacho nacho kinafumwa, kwenye maduka niliyokulia nayo sikuwahi kukiona kwenye jora. Kulikuwa na kitenge, satini na tetroni ya sare. Cha fulana kilikuja kikiwa kimeshashonwa, kimevaliwa na kimechoka. Na viwanda vya nguo tulikuwa navyo: Musoma ilikuwa na MUTEX yake, Mwanza ilikuwa na MWATEX. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikaonyesha fimbo ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru; wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kupeleka nguo huko bila ushuru. Ningeendelea, ila mama yangu mwenyewe alitusomesha kwa kuuza mitumba, kwa hiyo niishie hapo.

Likizo iliyopita nilimpelekea fundi mmoja wa nyumbani kipande cha kitambaa cha fulana. Alikivuta, akakiachia, kikajikunja ukingoni. Akanirudishia. "Hiki si kitambaa, hiki ni mpira. Niletee kitenge." Kwa vifaa alivyonavyo alikuwa na haki. Nyuzi za kitenge zimepishana, wima na mlalo, zimetulia. Fulana ni vitanzi vilivyoshikana, ndiyo maana inavutika, na sindano kali ya kawaida ikipita inakata kitanzi: leo kitobo kidogo, kesho ukifua kinafunguka. Halafu ule mshono ulionyooka hauvutiki pamoja na kitambaa. Mtoto akipitisha kichwa unasikia uzi unakatika, ta, ta, ta.

Huku wanatumia sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma kitanzi pembeni badala ya kukitoboa, na wanashona zigizaga nyembamba. Panaponoga ni shingoni. Mkanda wa shingo unaukata mfupi kuliko tundu lenyewe, kama asilimia 80 hadi 85 ya mzunguko wake. Unaugawa mara nne, tundu nalo unaligawa mara nne, unabana kwa pini alama kwa alama. Unaposhona unavuta mkanda peke yake. Gauni unaliacha lijiendee. Ikitoka chini ya cherehani, shingo inaonekana imefinyangwa, utasema umeharibu. Pitisha pasi ya mvuke, inajirudi na kulala bapa.

Lakini ngoja nikuambie kilichonichosha kabisa. Kwenye Volkshochschule, vile vyuo vya jioni vya watu wazima vilivyopo karibu kila mji wa Ujerumani, nilijiandikisha kozi ya kushona, na mada ya jioni moja ilikuwa: namna ya kugeuza fulana kuukuu ya mtu mzima kuwa gauni la mtoto. Mwalimu alieleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kwa kufanya hivyo tunaiokoa dunia. Watu wakaandika. Unaitandaza fulana, pindo la chini unaliacha lilivyo liwe pindo la gauni, upande unaovutika zaidi unauzungusha mwilini, mikono unaikata upya kutoka kwenye mikono ya zamani.

Mama mdogo anafanya kazi hiyo Mugumu tangu sijaanza shule. Kazi inaitwa kupunguza. Unamletea fulana ya XL ya mnadani, anakupunguzia gauni la mtoto wa miaka minne ukimsubiri kwenye benchi. Cherehani yake ni Butterfly ya kukanyaga, haina zigizaga, ina mshono ulionyooka tu. Anachofanya ni kukishika kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, anakivuta kidogo pande zote mbili huku anakanyaga taratibu. Akikiachia, uzi unabaki na ulegevu wa kutosha kichwa cha mtoto kupita. Hakuna aliyemfundisha, hakuna anayemgusia pindo na kumsifu, na malipo yake hayanunui hata pini za daktari wa meno. Dada anapoona gauni langu la haradali anauliza kama nimefukuzwa kazi, ilhali shangazi wa mtoto yuleyule yuko hapo jirani amevaa fulana iliyopunguzwa na mama mdogo.

Nyinyi mnaorudi Desemba, nina ombi moja. Punguzeni chokoleti, inayeyuka kabla hamjafika Bunda. Bebeni sindano za kitambaa cha fulana mkampe fundi wenu. Pakiti ya sindano tano inaingia kwenye pochi ya pasipoti, inauzwa euro chache, juu imeandikwa Jersey, na saizi 80 inatosha kwa fulana za kawaida. Ila mpigie simu kwanza umuulize anatumia cherehani gani: Butterfly za kukanyaga zinachukua sindano yenye shina bapa upande mmoja, na cherehani za kiwandani zinachukua yenye shina la duara. Ukibeba isiyo yake haitamfaa.