Same: Ukipewa dengelua, uliza ni ya lini

Wiki hii tunaziacha kelele za Dar na kudandia basi la barabara ya Arusha. Ukishapita Korogwe, Mombo na Hedaru, tupa jicho mkono wa kulia. Milima inayokusindikiza ndiyo ya Upare, na kilele chake cha Shengena kina zaidi ya meta 2,400. Chini, Same mjini, ni jua na vumbi. Ukipanda juu unakuta baridi, migomba, tangawizi na miwa.

Kwenye miwa hiyo ndipo penye mambo. Mjini ukienda kwenye mnuso unawakuta washikaji na akina dada wameng'ang'ania mvinyo mweupe mtamu, ule unaonukia matunda, wa Dodoma au wa Afrika Kusini. Wapare nao wana kitu chao kitamu, ila hakitoki kwenye zabibu. Kinaitwa dengelua. Miwa inakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke, halafu watu wanakaribishana kwenye harusi na vikao vya mahari.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watoto wa mjini wanapoumbuka. Kinywaji kikichachuka, sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Dengelua changa ina sukari nyingi na kilevi kidogo, inanukia miwa na inashuka kama juisi. Ikikaa, utamu unapungua na ukali unapanda. Chupa ya mvinyo imeandikwa kiasi cha kilevi, kibuyu hakijaandikwa kitu. Utamu uliobaki nao unaficha makali, mtu anaongeza tu, akija kusimama anakuta miguu si yake! Na barabara za kushuka kule zina kona na makorongo. Kwa hiyo kabla hujapokea uliza bila aibu, "Mama, hii ni ya lini?" Kama wewe ndiye dereva, usipokee kabisa, hata ya leo.

Haya, inaliwa na nini? Kinywaji kitamu, kiwe cha zabibu au cha miwa, kinataka chakula chenye pilipili, chumvi au mafuta. Utamu unapooza moto wa pilipili na chumvi inauchangamsha. Chukua mbuzi wa kuchoma aliyepakwa tangawizi ya Mamba Miamba, weka kachumbari kali pembeni, hapo umefika. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu naye, akaangwe mkavu na kukamuliwa limau, mambo safi. Ila dengelua iliyokwisha kuwa kali usiikutanishe na pilipili, maana kilevi kinachochea moto. Keki nayo iache. Ukila kitu chenye sukari kuliko kinywaji chako, kinywaji kinaonekana kichachu.

Je, makande, chakula ambacho watani wamekifanya kitambulisho cha Mpare? Mahindi na maharage yaliyoiva taratibu ni chakula kipole, utamu unakimeza chote. Makande yanataka chai ya tangawizi.

Tena chai hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye nyumba nyingi. Wasabato wa kwanza nchini walianzia hukohuko Upare, pale Giti, mwaka 1903. Wao hawagusi kilevi, na makande yanapikwa Ijumaa kwa kuwa siku ya Sabato jiko linapumzika. Waislamu wa milimani ndiyo usiseme. Kwa hiyo, kaka, kama unakwenda kujitambulisha ukweni, usitokee na chupa kwapani eti umeleta zawadi ya mjini! Ulizia kwanza nyumba hiyo ni ya dengelua au ya chai. Ukikosea hapo posa inaweza kuingia mchanga, na nauli ya kurudi Dar ni yako mwenyewe.

Safari njema, na ukirudi nibebee tangawizi. Tukutane wiki ijayo!