Utupu Usio Mtupu

Neno moja linatembea sana siku hizi: nguvu ya utupu. Tunalisoma vitabuni, tunalisikia kwa vijana waliotoka masomoni, tunalisikia hata kwa wachuuzi. Wanasema kwamba utupu, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, umejaa nguvu isiyo na mwisho. Nguvu hiyo, wanasema, ndiyo iliyozaa nyota na dunia. Ndiyo roho ya mtu. Ndiyo inayoponya wagonjwa. Na kesho itawasha taa za vijiji vyote bila malipo. Je, ni kweli? Tujibu polepole, kwa maana katika shamba hili ngano na magugu vimeota pamoja.

Tuanze na ngano. Elimu ya fizikia iitwayo kwantumu inafundisha kwamba hakuna kitu kinachotulia kabisa. Ukiondoa joto lote, bado unabaki mtikisiko mdogo usioweza kuondolewa. Ushahidi upo. Hewa ya heli ikipozwa sana inageuka kimiminiko. Lakini katika mgandamizo wa kawaida haigandi kamwe, hata kwenye baridi inayokaribia digrii 273 chini ya sifuri. Mtikisiko ule wa mwisho unaizuia isigande.

Na utupu wenyewe je? Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir, aliyekuwa mfanyakazi wa maabara ya Philips huko Eindhoven, alipiga hesabu. Sahani mbili za metali zikiwekwa karibu sana katika utupu zitavutana, ingawa hazikutiwa umeme wala sumaku. Ikapita karibu miaka 50 kabla ya kipimo kizuri kupatikana. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux alipima mvuto huo huko Seattle, Marekani, akaona unalingana na hesabu. Lakini tuangalie vema: mvuto huo unaonekana pale tu vitu vinapokaribiana kiasi cha sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kitu cha kweli, tena ni kitu kidogo. Hata hivyo mwaka 2005 Robert Jaffe, naye wa Marekani, alionyesha kwamba mvuto uleule unaweza kuhesabiwa bila kuitaja nguvu ya utupu hata kidogo.

Sasa tuyatazame magugu.

La kwanza ni mashini ya nguvu ya bure. Wasomaji wetu wa Kongo wanajua Inga. Maji ya mto yanazungusha mitambo kwa sababu yanatoka juu na kuanguka chini. Maji yaliyokwisha kutulia chini ya shimo hayazungushi kitu, hata yakiwa mengi kama ziwa. Basi nguvu ya utupu ndiyo hali ya chini kabisa. Hakuna chini nyingine ya kuangukia. Na zile sahani za Casimir? Zikikwisha kukutana, ukitaka kuzitenganisha utatoa nguvu ileile zilizokupa. Hapo hakuna faida.

La pili ni dawa. Wako wanaouza vidani na vikuku, wakisema vimetiwa nguvu ya utupu na vinaondoa maumivu. Muuzaji haonyeshi kipimo. Anaonyesha neno kubwa tu. Mama mwenye mtoto mgonjwa anatoa faranga zake za mwisho, na siku ambazo angempeleka mtoto kwa daktari zinapita. Hapo neno la elimu limegeuka hirizi. Kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

La tatu linawahusu wenye elimu wenyewe. Mwaka 1998 wachunguzi wa nyota walitambua kwamba ulimwengu unapanuka kwa mwendo unaozidi kuongezeka. Wengi wakasema: sababu ni nguvu ya utupu. Huenda ikawa hivyo. Lakini walipoihesabu nguvu hiyo kwa njia ya kawaida, jibu lilipita lile linaloonekana mbinguni kwa mara ambazo huandikwa 1 na nyuma yake sifuri 120 hivi. Fundi akikosea mlango kwa mita moja, tunamcheka. Hapa kosa halina hata jina. Nguvu iliyoshindwa hesabu ya kwake yenyewe, tutaifanyaje mfunguo wa kila mlango?

La nne ni kubwa zaidi. Mwaka 1973 Edward Tryon aliandika kwamba labda ulimwengu wote ulitokana na mtikisiko wa utupu. Ni wazo la kuchunguzwa, wala hatulidharau. Lakini baada yake wengine wamesema: basi Muumba hahitajiwi. Wamekwenda mbio mno. Utupu wa fizikia una sheria zake na vipimo vyake. Si “hakuna kitu”. Anayesema nyumba ilitoka katika udongo hajaeleza udongo ulitoka wapi.

Lakini sisi waamini nasi tusijisifu upesi. Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain, ndiye aliyefundisha mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja. Mwaka 1934 aliandika pia juu ya nguvu ya utupu. Mwezi wa Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alipozisifu habari hizo kama ushuhuda wa Uumbaji, wengi walishangilia. Padri mwenyewe hakupendezwa. Hakutaka imani yetu iegemezwe juu ya hesabu zinazoweza kubadilika kesho. Alimwamini Mungu kwa moyo wote, na nyota alizipima kwa vipimo vya nyota.

Basi, ndugu wasomaji, tukiletewa neno linaloeleza kila kitu, tuulize mambo mawili: limepimwa wapi? Na kitu gani kikionekana, mwenye kulisema atakubali kwamba ameshindwa? Akikosa jibu, tufunge mkoba wetu. Kuuliza hivyo si ukosefu wa imani, wala si kudharau elimu. Mungu alitupa akili ili tupepete, na anayepepeta hamwagi ngano.