Tishu Inayojijaza Yenyewe

Kwenye bloku yetu ya wasichana, ghorofa ya chini, tishu ikiwekwa chooni saa moja asubuhi, saa nne haipo. Sio kwamba imetumika. Imehama. Iko chumba fulani juu ya kabati, na mwenye chumba naye alichanga shilingi 1,000 ya mwezi kama sisi wote, kwa hiyo hata kumsema unashindwa.

Najua watakaouliza, kwani si tunatumia maji? Tunatumia. Ila maji yakikatika siku mbili, na mtu yuko kwenye siku zake, na ana testi saa mbili kamili, hapo ndipo utajua tishu ni kitu gani. Kuna dada alikosa testi kwa sababu hiyo, na mwalimu wa kiume utamwelezaje?

Sisi wa ualimu tunafundishwa kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana kwenye mazingira. Basi wanne tukasema tutengeneze zana ya chooni: kasha linalokaa na tishu nne, moja ikiisha nyingine inashuka yenyewe.

Wazo tulilitoa kwenye tangi la choo. Ukivuta maji, boya linashuka, linafungua njia, maji yanaingia. Yakijaa boya linapanda na kufunga. Hakuna mtu anayesimama pale kuangalia. Tukataka na karatasi ifanye hivyo hivyo.

Tulichukua bomba la plastiki la inchi 6, kwa sababu la inchi 4 tishu nene haipiti. Tukalisimamisha ukutani, tishu zikalala humo moja juu ya nyingine. Chini tuliacha upenyo mdogo: tishu nzima haitoki, ila kile kibomba cha boksi kinachobaki katikati kinadondoka chenyewe. Rahisi, sio? Shida ni uzito. Zile tatu za juu zikiikandamiza ya chini, haizunguki. Unavuta, inakatika kipande cha kufutia miwani.

Kwa hiyo lazima za juu zishikiliwe. Tulikunja spoku za baiskeli zikawa vidole viwili. Cha chini kinaegemea tishu inayotumika, kinashuka nayo jinsi inavyopungua, kama boya. Kibomba kikidondoka, kidole kinakosa pa kuegemea, kinaachia tishu moja, na wakati huo huo cha juu kinazuia inayofuata. Ni kama geti la kituo cha mwendokasi, mmoja anapita, wa pili anangoja. Kupata pale tulitumia wikendi tatu, na spoku nyingi kuliko baiskeli yoyote inavyohitaji.

Halafu kuna gundi. Ncha ya tishu mpya huwa imegandishwa, kwa hiyo anayejaza lazima aibandue kwanza, la sivyo anayekuja atakwaruza kwa kucha mpaka akate tamaa. Na vibomba vya boksi havilingani: kampuni hii vyembamba, ile vinene. Seth Wheeler wa Albany, New York, alipata hataza ya tishu yenye vitobo vya kukatia mwaka 1891, na miaka yote hiyo bado hawajakubaliana kipenyo! Tunanunua aina moja tu sasa.

Jina la "inayojijaza" ni la kuuzia maneno, nalikubali kwa sababu linavutia. Tangi la choo linajaa kwa sababu nyuma yake kuna bomba la maji. Nyuma ya kasha letu kuna mama wa usafi. Ndiyo maana tulimshirikisha tangu mchoro wa kwanza. Alisema, "Wanangu, mimi nina vyoo vya ghorofa tatu, nisaidieni nisifungue kila kasha kuchungulia." Tukakata dirisha refu ubavuni, tukaweka plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Akipita na ndoo yake anaona zimebaki ngapi, anajaza kwa ratiba yake, sio kwa kuitwa. Kwangu mimi hilo dirisha ni bora kuliko vidole vyote vya spoku.

Kasha lina kufuli. Ufunguo anao yeye. Hapo ndipo bloku iligawanyika: kuna waliosema kufungia watu wazima tishu ni dharau, na mmoja akaacha kuchanga. Nawaelewa. Mimi nisingependa kufungiwa kitu nilichokilipia. Lakini tangu tulifunge, ikifika saa nne asubuhi tishu ipo, na ikifika saa nne usiku ipo, na hata yule aliyeacha kuchanga anaikuta.

Choo cha pili bado hakina. Spoku tunazo, kufuli tumepata. Mwenye kipande cha bomba la inchi 6, urefu wa mita moja hivi, hata kama kimepasuka upande, atuletee chumba namba tatu.