Kurudi Baoni

Anayerudi kwenye bao baada ya miaka mingi hufanya kosa la kwanza kabla hajagusa kete: huketi. Angesimama. Angesimama nyuma ya watazamaji siku mbili tatu, mikono mgongoni, akayaacha macho yatangulie. Kwani yeye anarudi na bao alilolikumbuka, na wale waliobaki wana bao wanalolicheza, na mabao hayo mawili hayakosi kutofautiana.

Tofauti hiyo huonekana zaidi Tabora, kwa kuwa mji huu umekaa penye njia panda. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe iligawika. Mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Bara haikuwa ikingoja kufundishwa kucheza. Wasukuma wana isolo, Wanyarwanda wana igisoro, Waganda wana omweso, yote michezo ya safu nne, na kete zote hupangwa ubaoni tangu mwanzo. Bao la Kiswahili huanza kinyume cha hayo, kete nyingi zingali mkononi. Kila mchezaji ana kete 32. Sita huziweka katika nyumba, lile shimo la mraba. Mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Na 22 zilizobaki huzitia moja moja, zamu kwa zamu. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha, huingia mtaji. Basi mgeni aulize kwanza: hapa mnacheza lipi? Swali hilo halimwaibishi mtu. La kuaibisha ni kuliuliza baada ya kushindwa.

(Wapenzi wa shairi watasamehe hesabu ndogo. Ubeti wa mishororo minne yenye mizani kumi na sita una mizani 64, nusu yake ukwapi na nusu yake utao, na bao lina kete 64. Huenda ni sadfa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeutungia mchezo huu shairi, asingehitaji kuambiwa.)

Kosa la pili ni la kumbukumbu. Mtu hukumbuka mtaji, kwa sababu ndiko kwenye vishindo: mkono unazunguka ubao mzima, kete zinalia, watazamaji wanapiga kelele. Namua huisahau, nayo ndiyo inayoamua. Aliyerudi hula kila mara kwa pupa, asiangalie ameacha nini nyuma, na kabla ya kete ya kumi kumtoka mkononi nyumba yake imekwisha kwenda. Ajifunze upya mambo madogo. Ukila katikati ya safu una hiari ya kusambaza kutoka kichwa cha kulia au cha kushoto. Ukila kichwani au kwenye kimbi, hiari hiyo huna. Mpinzani mzuri humlazimisha mwenziwe kulia kimbi, kisha humngoja kule anakojua atatokea.

Siku hizi lipo pia bao la simu, na si vibaya kulitumia kukumbukia sheria. Ila simu humkataza mchezaji kosa kabla hajalifanya, nayo humsambazia kete yenyewe. Anayejifunzia humo hufika barazani akiwa na kichwa chepesi na mkono mzito.

Mtu mmoja wa Ng'ambo, Tabora, alirudi kwao kwa treni mwaka 2019, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi bandarini Dar es Salaam. Bao alifundishwa na kaka yake. Aliliacha usiku ambao kaka huyo aliila nyumba yake mbele za watu, akacheka, akasema kijana huyu hana nyumba. Lilikuwa neno la mchezo. Lakini mdogo wakati huo alikuwa ametoka kunyimwa sehemu ya kiwanja cha baba yao, na hakuna aliyekuwapo asiyejua. Aliondoka juma lile. Misiba alirudi kuizika, barazani hakukanyaga.

Safari hii alirudi na zawadi: komwe 64, alizoziokota Jumapili kwa Jumapili katika mchanga wa Kigamboni, akachagua zinazolingana, akazisugua kwa kitambaa hadi zikang'aa. Komwe ni mbegu ya mmea wa ufuoni. Tabora watu hucheza kwa kokoto, au kwa mbegu yoyote iliyo karibu. Alimkuta kaka yake amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, maneno yanatoka moja moja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Kisha, baada ya kitambo, akautazama ubao wa mninga uliokuwa ukutani. "Lete."

Hapa ushauri wote wa vitabu unakwisha. Mdogo alikuwa na njia mbili na zote mbaya. Angemwachia mgonjwa ashinde, na kaka angelijua hilo kwa kete ya tatu, kwa kuwa fundi huona kete iliyotolewa sadaka kama mpishi anavyoonja chumvi. Au angecheza kwa ile hasira ya miaka thelathini na moja, amle mtu wa mkono mmoja. Akachagua kucheza polepole na kwa haki, jambo ambalo watazamaji hawakulipenda, maana halikuwa na kelele.

Kaka alicheza kwa mkono wa kushoto. Komwe, kwa ulaini wake, zilimponyoka, kokoto zisingemponyoka. Mdogo aliliona hilo na hakulisema.

Katika namua kuna zamu moja ambayo wazee wameipa jina zuri kuliko zote. Mchezaji akila, na kete yake ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mbele yake hakuna cha kula, huruhusiwa kuchagua. Akitaka hulala, zamu ikaisha, nyumba ikabaki imejaa. Akitaka husafiri: huzoa kete zote za nyumba na kuzisambaza mbele, naye hatakuwa na nyumba tena. Tabora walilijua chaguo hilo kwa miguu. Burton na Speke, walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliuvuka mwendo huo wakati wa kiangazi na mizigo mabegani, wengi wakipiga hesabu ya kurudi kuwahi msimu wa kulima. Na Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe ambamo Livingstone alikataa kurudi na Stanley mwezi Machi 1872. Alilala pale hadi Agosti, ndipo akasafiri. Mwaka uliofuata alifia kwa Chitambo, na maiti yake ikapita Unyanyembe kwa mara nyingine, mabegani mwa watu, ikielekea Bagamoyo.

Kete ya mwisho ya kaka iliangukia nyumbani. Zilikuwamo tisa.

"Mzee, unalala au unasafiri?" akauliza kijana aliyekuwa amechuchumaa pembeni.

Yeyote anayelijua bao angemshauri alale. Mkononi alikuwa bado na kete nyingi, na upande wa pili ulikuwa wazi. Kaka alimtazama mdogo wake muda mrefu, kisha akaiingiza mikunjo ya mkono wa kushoto ndani ya shimo la mraba, akazoa.

Alisambaza moja, mbili, tatu. Ya nne ilimteleza, ikagonga ukingo wa ubao, ikaviringika hadi kwenye kandambili za mdogo. Baraza ikanyamaza. Mdogo aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi. Shimo lake alilijua. Hakuitia humo, aliufumbua mkono wa kaka yake, akaiweka kiganjani pamoja na nyingine, akangoja.